Kili, hita na mimi

Haya jamani, nimerudi. Najua kuna waliodhani nimeganda na theluji, maana tangu mitihani ya Desemba iishe sijaandika hata mstari mmoja hapa. Sijaganda. Nilikuwa nalea kinyonga. Msicheke kwanza, vuteni viti niwahadithie. Hii stori imenikaa rohoni na kuna sehemu yake ambayo sipendi kuisema, lakini diari ni diari, ukianza kuchagua cha kuandika si bora ufunge tu.

Kwa wageni: nipo Minnesota, mwaka wa tatu, napanga nyumba na jamaa mmoja Mmarekani karibu na kampasi. Jamaa anasoma baiolojia na ana kinyonga. Si kinyonga hivi hivi, ni yule mwenye pembe tatu usoni, kama kifaru aliyepungukiwa mwili. Siku ya kwanza nahamia nilimkuta kwenye kizimba cha wavu sebuleni, jicho moja linaniangalia mimi, jingine linaangalia begi langu. Nikamuuliza jamaa anaitwaje, akasema "Kili, kwa sababu katoka kwenu." Nikacheka sana. Nikamwambia ndugu yangu, mimi nimekulia chini ya Mlima Meru na hawa wa pembe tatu nimewaona kwenye mikahawa ya Bibi, huko Kilimanjaro umemsingizia tu.

Sasa hapo nami nilichemsha. Baadaye nikasoma, kumbe hawa wanaitwa vinyonga wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyekuja kuwa gavana wa Uganda. Wapo wa aina kama tatu. Wa kwetu Meru ni wadogo, na hawapatikani kwingine duniani ila mlima ule. Kili ni wa aina ile kubwa yenye kishungi cha njano, ambao asili yao ni kandokando ya Mlima Kenya. Kwa hiyo miezi minne nimekuwa nikijitapa kwa watu kuwa "huyu ni wa nyumbani," kumbe Mkenya! Basi, jirani ni jirani.

Na hata Kenya mwenyewe hajaiona. Kazaliwa humu humu Marekani kwa mfugaji. Mwaka 1972 mwenye duka moja la wanyama kule Hawaii aliletewa vinyonga wa aina hii kadhaa kutoka Kenya. Wakafika wamekonda na wamekauka maji, akawaachia bustanini kwake wapate nafuu. Wakapata nafuu kwelikweli, wakatawanyika, mpaka leo wapo porini Hawaii wanazaana. Shikeni hilo neno "wamekauka maji," maana ndiyo stori yenyewe.

Tarehe 18 Desemba jamaa akaenda kwao likizo mpaka katikati ya Januari. Mimi siendi popote, nauli ya Dar mnaijua wenyewe, na likizo ndiyo msimu wa kubeba boksi. Nipo kwenye ghala moja, zamu ya usiku. Jamaa akaniachia Kili na karatasi kabandika kwenye friji: nyenje siku moja ndiyo siku moja hapana, taa iwake saa kumi na mbili za mchana, na mnyunyizie maji asubuhi na jioni, kila mara dakika mbili kamili kwa saa. Chini kapiga mistari miwili: usimwekee bakuli, hatalijua. Kinyonga hanywi maji yaliyotulia. Anakunywa matone yaliyoko juu ya majani. Bila matone anaweza kufa kiu maji yakiwa chini ya pua yake.

Nikasema hakuna shida, mtoto wa shamba mimi.

Wiki ya kwanza nilikwenda vizuri. Halafu ikaingia baridi ile ya kweli. Nje hasi 25, ukipumua kope zinashikana. Hita ya nyumba ikawa inanguruma usiku na mchana. Na mimi nikachukua zamu za ziada, maana ada ya muhula haisubiri. Narudi saa moja asubuhi mwili umekufa ganzi, najitupa kitandani na buti. Ile dakika mbili ikawa nusu dakika. Ile asubuhi na jioni ikawa jioni. Kuna siku, naandika hapa na aibu yangu, haikuwa hata jioni.

Lakini kila nikipita nilikuwa natupia jicho kile kipima unyevu kilichobandikwa kizimbani, cha mshale kama saa. Mshale umesimama kwenye 50. Asilimia 50 mchana si mbaya kwa Kili, karatasi ilisema hivyo. Nikawa najipa moyo. Jamaa akiuliza kwenye WhatsApp, namjibu "Kili yuko poa." Mara tatu nilimjibu hivyo.

Na mwenyewe sikuwa poa. Midomo ilipasuka, pua ikawa inatoka damu nikipenga, nikigusa kitasa napigwa shoti. Mama akipiga simu ananiuliza, "Mwanangu unakula? Unakunywa maji?" Namwambia nipo fiti Mama, msiwe na wasiwasi. Si mnajua tena, mtu hampigii Mama simu kumwambia pua inatoka damu.

Tarehe 29 nikaamka mchana nikamkuta Kili kashuka chini kabisa ya mti wake na kafumba macho. Kinyonga kulala mchana ni dalili mbaya, hilo nalijua hata bila kusoma. Nikasogea. Yale macho yake yaliyokuwa yamevimba kama vikombe viwili yameingia ndani. Nikaangalia kinyesi: ile sehemu inayotakiwa kuwa nyeupe imekuwa ya rangi ya chungwa. Ndugu zangu, hiyo ni alama ya kiu, tena si ya leo wala jana.

Nikakimbilia kile kipima, mshale bado 50. Nikakigonga. 50. Nikakitoa nikaenda nacho bafuni penye mvuke wa maji ya moto, 50 vilevile! Kitu kimekufa, sijui tangu lini, kinanidanganya tu na mimi napenda kudanganywa. Nikaenda dukani nikanunua vipima viwili vya tarakimu, vya bei rahisi. Nilivyowasha pale sebuleni vikasoma 18 na 19. Jangwa kabisa. Mnyama wa msitu wa ukungu nimemlaza jangwani.

Kwa wale mtakaonunua, msiviamini hivi vipima kwa sura. Kuna njia ya kuvijaribu: chukua kifuniko cha chupa, jaza chumvi ya mezani, tia matone machache ya maji iwe kama uji mzito, isiyeyuke yote. Weka pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki unaofungwa vizuri, acha mpaka kesho. Humo ndani unyevu unatakiwa ufike asilimia 75. Kikisoma 72, basi ujue kila siku unaongeza 3. Vyangu vilisoma 74 na 77. Kile cha mshale nikakitupa.

Mkiuliza hewa inakaukaje hivyo wakati nje theluji, yaani maji, imejaa mpaka magotini, na mimi nilijiuliza. Jibu ni kuwa hewa ya baridi haina uwezo wa kubeba mvuke. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu kama 17 za mvuke. Hewa hiyohiyo kwenye hasi 15 haifikishi hata gramu 2. Sasa hita inaichukua hewa ya nje yenye gramu zake hizo mbili pungufu, inaipasha moto, haiiongezi maji. Hewa inakuwa na nafasi ya gramu 17 na mkononi ina moja na kitu, ndio asilimia kama 10 hiyo. Inakuwa na kiu. Itayatafuta maji popote: kwenye midomo yako, kwenye mbao za kitanda, kwenye macho ya kinyonga.

Basi nikaingiwa na wazimu wa kutubu. Nilimnyunyizia maji ya vuguvugu dakika kumi nzima, akafumbua jicho moja, akaanza kulamba jani. Alikunywa, jamani, alikunywa mpaka nikaona haya kumwangalia. Nikasema kuanzia leo huyu hatapata kiu tena. Nikanunua mashine ya kutoa ukungu, nikaiwasha mfululizo saa 24. Nikachukua plastiki lile la kufungia fanicha nikazungushia kizimba chote, juu, mbele na pembeni, nikabakiza tundu la bomba la ukungu. Taa inawaka ndani. Kipima kikapanda: 60, 75, 88. Nilikaa naangalia zile namba kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani yanabandikwa. Nilijisikia nimesamehewa.

Jioni ile Mama akapiga, nikashindwa kujizuia nikamsimulia. Kimya. Halafu, "Yaani umekwenda Marekani kulea kinyonga?" Nikamsikia Bibi nyuma anauliza kuna nini. Sasa Bibi yangu na vinyonga ni mbingu na ardhi. Alikuwa akimkuta njiani anazunguka, na sisi wajukuu tulikatazwa hata kumnyooshea kidole. Akapewa simu. Nikamwamkia, shikamoo Bibi. Nilitegemea nipate za uso. Akasema kwa Kimeru, polepole: "Huyo hanywi mchana. Anakunywa umande. Jua likitoka anajianika." Halafu akamrudishia Mama simu, kama mtu aliyekwishamaliza.

Nikamshukuru kwa heshima, na sikumsikiliza. Nilijisemea, Bibi, hapa tuna mashine.

Siku ya tano Kili akaanza kuachama. Anainua kichwa juu, mdomo wazi, anapumua kama mtu aliyepanda ngazi. Pembeni ya mdomo kuna mapovu. Ndani ya plastiki majani yananuka uvundo, na chini ya chungu kuna ukungu ule mwingine, ule wa kwenye mkate. Nikajua nimetoka kumwua kwa kiu, sasa namwua kwa maji.

Asubuhi nikamweka kwenye boksi lenye taulo na chupa ya maji ya moto, nikamfunika na koti langu, nikachukua basi mbili kwenda kwa daktari wa wanyama anayetibu wa namna hiyo. Kwenye basi mama mmoja akaniuliza nimebeba nini, nikasema mgonjwa. Ilikuwa kweli.

Daktari akamsikiliza kifua, akaniuliza maswali, nikamweleza kila kitu, hata zile siku za kutonyunyizia. Hakunigombeza. Akasema ni maambukizi ya njia ya hewa, na akanichorea kwenye karatasi mstari wa siku nzima. Usiku: baridi na unyevu mwingi, asilimia 80 au zaidi. Alfajiri: maji kwenye majani, anywe. Mchana: taa, joto, upepo, kila kitu kikauke mpaka asilimia 40 au 50. Jioni: maji tena kidogo. Akasema wengi wanakosea kama mimi, wanaona neno unyevu wanadhani ni namba moja ya kushikilia kutwa kucha. Joto pamoja na maji pamoja na hewa isiyotembea, hapo bakteria na ukungu wanakula sikukuu, na mapafu ya kinyonga ndiyo meza.

Nikaiangalia ile karatasi. Wadau, nilikuwa naujua ule mstari. Ni siku ya kawaida kwetu. Usiku ukungu unashuka kutoka mlimani mpaka huoni choo kilipo. Ukitoka kwenda shule kaptula inalowa kwa umande wa majani ya kahawa. Saa nne jua linachoma, saa sita majani makavu. Nimetembea ndani ya jibu lile miaka kumi na nane. Na Bibi alikuwa ameshanipa kwenye simu, kwa sentensi tatu, bure. Kwa daktari ililipiwa dola 240 pamoja na dawa, yaani zamu mbili za ghala zimeyeyuka. Simlaumu daktari, yeye alitibu. Najilaumu mwenye masikio.

Nikarudi nyumbani nikafanya hivi. Plastiki nikatoa mbele na juu, nikaacha pande tatu tu, ili unyevu usikimbie wote lakini upepo upite. Kizimba nikakihamisha, maana kumbe kilikuwa karibu na tundu la hita, hewa kavu inampuliza moja kwa moja. Nikaosha kila kitu, udongo nikabadilisha, nikaongeza mimea hai, pothosi wawili, maana mmea unatoa mvuke wake pole pole na jani lake linashika tone vizuri kuliko la plastiki. Ile mashine ya ukungu nikaitia maji yaliyotoneshwa, ya bomba yanaacha vumbi jeupe hewani, na nikaiwekea saa iwake usiku tu taa ikiwa imezimwa.

Na kubwa kuliko yote, usiku nashusha hita ya sebule. Wakati wa dawa daktari alisema nisishuke chini ya nyuzi 18, baada ya hapo naweza kwenda mpaka 15. Hapo kuna siri tamu ya fizikia: hewa ikipoa, asilimia inapanda yenyewe hata kama hukuongeza tone. Sebule yenye asilimia 18 kwenye nyuzi 22, ukiishusha mpaka 15 inasoma kama 27. Nusu ya kazi inafanywa na baridi, ambayo hapa Minnesota tunapewa bure.

Ilibaki ile sehemu niliyosema siipendi. Jamaa bado alikuwa anajua Kili yuko poa. Ningeweza kunyamaza. Siku tisa zimebaki, dawa ingekuwa imeisha, kinyonga hasemi. Nilikaa kwenye kochi na simu mkononi saa nzima nikitafuta maneno ambayo yangenifanya nionekane mwema kidogo. Hayakupatikana. Nikaandika tu: nilikudanganya, siku kadhaa sikumnyunyizia, kipima kilikuwa kibovu lakini na mimi nilikuwa nimechoka nikajiachia, halafu nikazidisha, sasa anaumwa kifua, yuko kwenye dawa, samahani. Nikatuma.

Tiki mbili za bluu. Hakuna jibu. Usiku mzima ghalani nabeba boksi huku simu imo mfukoni kama jiwe. Kesho yake jioni ndio akajibu. Alisema alikasirika sana na ndio maana alikaa kimya, asije akaandika vibaya. Akasema ile ya kuzidisha maji angeweza kuifanya hata yeye. Lakini "yuko poa" mara tatu, hiyo ndiyo iliyomuuma. Akaomba nimtumie picha kila asubuhi, na kweli, si nzuri. Nikatuma kila asubuhi. Siku mbili za kwanza picha zilikuwa za kutisha. Siku ya sita Kili alipanda mwenyewe mpaka juu ya mti. Siku ya nane alipiga ulimi akadaka nyenje, nikapiga kelele peke yangu sebuleni kama Yanga wamefunga.

Jamaa karudi wiki mbili zilizopita. Alipoingia hakunisalimia mimi, alienda kizimbani kwanza, akasimama muda. Kili kakonda, pembe zinaonekana kubwa kuliko kichwa. Halafu akanigeukia akasema tugawane ile bili ya daktari. Nikakataa, akakataa kukataa kwangu, tukaishia nusu kwa nusu. Hatujawa kama zamani sawasawa. Akitoka wikiendi anauliza maswali zaidi ya aliyokuwa akiuliza. Ni haki yake. Imani nayo ni kama yule kinyonga, hairudishiwi maji kwa ndoo.

Walio Bongo, najua kuna mtu anasoma hapa anaangalia mti wa uani. Muacheni. Mnyamapori ni wa serikali, kumfuga kunataka kibali, na tangu zamani biashara ya vinyonga hawa kuvuka mipaka iko chini ya mkataba wa CITES. Mwaka 2016 Tanzania ilisimamisha kabisa kuwapeleka nje wanyamapori hai. Na zaidi ya sheria, pale alipo ana umande wa bure, wewe utampa nini?

Mimi siku hizi naamka saa kumi na mbili kasoro, kabla ya taa yake. Nanyunyiza dakika mbili kwa saa. Anageuza jicho, anasubiri, halafu anaanza kulamba tone moja moja kwenye pothosi. Nami nimesimama pembeni na glasi yangu ya maji, maana nimeweka sharti kuwa hanywi peke yake. Pua haitoki damu tena. Chumbani kwangu kuna kile kipima cha pili, na jana kilisoma 38.

Jumapili Mama alipopiga akauliza kama kawaida, unakunywa maji? Safari hii nikamweleza ukweli wote, midomo, pua, zamu za usiku, na usingizi ninaoukosa. Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Sasa ndio umeongea." Bibi akachukua simu, hakuniuliza mimi. Aliuliza, yule wa pembe anakunywa asubuhi? Nikamwambia ndiyo Bibi, asubuhi. Akasema haya.

Nakwenda kulala, zamu ni saa tano. Mnaoishi kwenye baridi, jaribuni vipima vyenu kwa chumvi. Tuonane tena hapa nikipata muda.